Mahali Ambapo Chifu Haoni

Mwaka 1988 Wakenya tulipiga kura kwa miguu. Kwenye mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria tangu 1982, hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wakala wa kila mgombea alisimama uwanjani ameinua picha ya mtu wake, na mwenye kadi ya chama akaenda kujipanga nyuma ya picha aliyoitaka. Maofisa wa utawala wakahesabu vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliojipanga alihesabiwa amekwisha kupita, bila kurudi tena kwa wananchi siku ya uchaguzi mkuu. Tuliuita mlolongo.

Mengi yameandikwa juu ya wizi wa mlolongo, jinsi foleni fupi ilivyotangazwa kuwa ndefu mbele ya macho ya watu waliosimama humo. Sijasoma mengi juu ya mwanamke aliyekuwa ndani ya foleni hiyo, na ndiye ninayetaka kuanza naye, kwa sababu macho yaliyomwangalia yalikuwa mengi kuliko yaliyomwangalia mwanamume. Kulikuwa na mume, mara nyingi hatua chache mbele yake. Mama mkwe naye alikuwepo, na mwenyekiti wa kikundi chao pia. Juu ya wote hao alikuwepo chifu. Kwetu Kitui ukame wa 1984 ulikuwa bado haujasahaulika. Mwolyo, yaani chakula cha msaada, yale mahindi ya njano yaliyotulisha mwaka ule, yaligawiwa kwa orodha, na orodha iliandikwa kwa chifu. Mwanamke aliyekwenda kusimama nyuma ya picha isiyofaa alijua kwamba jina lake lingeweza kukosekana siku ya njaa.

Mama yangu alitoka nyumbani asubuhi ya mlolongo akimjua mtu anayemtaka: mwalimu mstaafu aliyewasaidia akina mama kupata vifaa vya kuchimba kisima. Alipofika uwanjani akaona baba amesimama wapi, akamwona chifu na daftari lake, akaenda nyuma ya baba. Jioni nilimuuliza. Alikuwa akipepeta mahindi, hakuinua uso. "Mwanangu, nina watoto wa kulisha," akasema. "Leo tumesimama tu. Kuchagua kutakuja siku nyingine."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sasa nimestaafu, na kama walimu wengi wa Kenya nilichukuliwa kuwa karani wa uchaguzi, baadaye msimamizi wa kituo. Nimekaa nyuma ya meza ya kura tangu vyama vingi viliporudi. Wanaoandika juu ya wanawake na demokrasia huanzia bungeni na kuhesabu viti. Viti nitavifikia. Kwanza nataka msomaji aelewe kwamba kwa mwanamke wa kijijini mabadiliko yalianzia mahali padogo sana, kwenye meza iliyozibwa kwa kitambaa pembeni mwa darasa, ambapo kwa mara ya kwanza aliweza kufanya jambo la siasa bila kuonekana na yeyote mwenye mamlaka juu yake.

Hii haimaanishi kwamba chini ya chama kimoja wanawake hawakuonekana hadharani. Walionekana kila siku. Rais akija, akina mama ndio waliopanga mistari kandokando ya barabara tangu alfajiri, wamevaa leso zilizofanana, wameimba hadi sauti zikakauka. Mabwawa ya udongo yanayohifadhi maji yetu hadi leo, na matuta yanayozuia mmomonyoko kwenye vilima vya kwetu Ukambani, yalichimbwa na vikundi vya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kusaidiana, na wengi katika mwethya walikuwa wanawake. Maendeleo ya Wanawake, jumuiya iliyoanzishwa 1952 na iliyokuwa na matawi hadi vijijini, iliunganishwa na KANU mwaka 1987, na tangu hapo uchaguzi wake ukawa shughuli ya chama. Kwa hiyo wanawake walikuwa na kazi nyingi za hadharani. Walijenga, walipika, waliimba. Walichonyimwa ni nafasi ya kukataa.

Waliojaribu kukataa walilipa. Chelagat Mutai aliingia bungeni 1974 akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, akawatetea maskwota wa sehemu za kwao, akafungwa 1976. Mwaka 1981, akiandamwa tena na serikali, alikimbilia Tanzania akaishi uhamishoni. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za Green Belt mwaka 1977 kwa kuwalipa akina mama fedha kidogo kwa kila mche ulioota, alisimama 1989 kupinga jengo la orofa 60 ambalo chama kilitaka kulijenga ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Bungeni akaitwa kila jina, na wanawake wake wakaambiwa ni kundi la waliopewa talaka. Rais mwenyewe alisema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Wafadhili walijitoa na jengo halikujengwa. Bustani ile ingalipo, na kila ninapopita Nairobi hupenda kukatiza ndani yake.

KANU yenyewe iliuacha mlolongo mwishoni mwa 1990, baada ya kamati iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti kuzunguka nchini na kuisikia hasira ya watu. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoharamisha vyama vingine, kikafutwa. Vitabu vya shule husimulia hatua hizi kama kazi ya wanasiasa wanaume na mabalozi wa nje. Miezi miwili baadaye, hata hivyo, jambo lilitokea Nairobi ambalo wanawake wa rika langu hatuwezi kulisimulia kwa sauti ya kawaida.

Tarehe 28 Februari 1992 kikundi kidogo cha akina mama wazee kilifika kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Walikuwa mama za wafungwa wa kisiasa. Mmoja wao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere. Hoja yao ilikuwa rahisi: nchi imekubali vyama vingi, basi mbona watoto wetu waliofungwa kwa kuvitaka wangali ndani? Walipotoka hapo wakaenda Uhuru Park na mikeka na mablanketi yao, wakatangaza kwamba hawatakula wala kuondoka mpaka watoto waachiliwe. Watu wakaanza kuja. Walikuja vijana, wachungaji, na watu waliowahi kuteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, wakashika kipaza sauti na kusimulia mambo ambayo hadi siku hiyo yalisemwa kwa kunong'ona, tena ndani ya nyumba. Kona ile ya bustani ikaitwa Kona ya Uhuru.

Tarehe 3 Machi polisi walivamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Wangari alipigwa hadi akazirai. Na hapo ndipo baadhi ya akina mama wale walipovua nguo. Msomaji ambaye hakukulia kwetu pengine ataliona hilo kama wazimu wa hasira. Kwa Wakikuyu, na kwa jamii nyingi za Kenya ikiwemo yangu, mama mzee akimwonyesha uchi wake kijana anayeweza kuwa mwanawe kwa makusudi, amemlaani. Hakuna tambiko jepesi la kuondoa laana hiyo. Akina mama wale hawakuwa na bunduki wala gazeti, na wakili hakuweza kuwafaa mbele ya marungu. Walichukua silaha ya mwisho ambayo mila iliwaachia wanawake, mila ile ile waliyokuwa wakiambiwa inawataka wanyamaze, wakaielekeza kwa dola. Vijana wengine wa polisi waligeuza nyuso.

Habari zilitufikia Kitui kwa magazeti yaliyoshushwa kwenye basi la mchana. Nakumbuka walimu wanaume katika chumba chetu cha walimu walivyonyamaza, gazeti likapita kutoka mkono hadi mkono bila mtu kutoa maoni. Mkuu wa shule alilikunja akaliweka ndani ya droo. Akina mama wale walirudi, safari hii ndani ya kanisa kuu la All Saints lililo jirani na bustani, wakakaa katika chumba cha chini cha kanisa hilo karibu mwaka mzima. Walipotoka mapema 1993, karibu watoto wao wote walikuwa wameachiliwa.

Nimewasikia vijana wakisema vyama vingi vililetwa na masharti ya wafadhili. Masharti yalikuwepo, ni kweli, misaada ilisimamishwa Novemba 1991. Lakini kuruhusu vyama kwenye karatasi na kumtoa mtu gerezani ni mambo mawili tofauti, na la pili lilifanywa na wanawake ambao wengi wao hawakuwa wamesoma.

Uchaguzi ulikuja tarehe 29 Desemba 1992. Ndio wa kwanza nilioufanyia kazi. Karatasi zilikuwa tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kazi yangu ilikuwa kutafuta jina kwenye daftari na kuhakikisha kidole kimetiwa wino. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi wanawake walikuwa wamejaa uani mwa shule, wengine wamefika na vibuyu na mitungi ili wapitie kisimani wakirudi. Bibi mmoja alisimama mbele ya meza yetu akakiangalia kile kitambaa kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hicho kinafunika kweli?"

"Kinafunika, susu." Ndivyo tunavyowaita bibi zetu.

"Na chifu yuko wapi?"

Nikamwambia chifu haruhusiwi kuingia chumbani, amekaa nje kama watu wengine. Akacheka, akaingia kibandani, na alikaa humo hadi karani mwenzangu akataka kumgongea meza. Nilimzuia.

Wakati mwingine ilikuwa vigumu zaidi. Mtu asiyejua kusoma alisaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa vyama, akisema kwa sauti anayemtaka. Siri ikaishia hapo. Wanawake wazee wengi hawakuwa wamekanyaga darasa, kwa hiyo kitambaa chetu kiliwafunika wenye kusoma zaidi ya wengine. Bwana mmoja alikuja na mkewe, akatangulia kusema, "Huyu hajui kusoma, nitamwekea alama mimi." Mke alikuwa kimya tangu mlangoni. Ndipo akainua kichwa. "Mwalimu, jogoo ninamjua, na simba ninamjua. Nisaidiwe nini?" Jogoo ilikuwa alama ya KANU, simba ya FORD-Kenya. Msimamizi akampa karatasi zake mwenyewe, na bwana akaombwa angoje nje.

Yalipotangazwa matokeo, wanawake 6 walikuwa wamechaguliwa kati ya viti 188 vya bunge. Ni wachache mno, lakini 1988 walikuwa 2. Watatu kati ya hao 6 walitoka Ukambani: Charity Ngilu wa Kitui ya Kati, Nyiva Mwendwa wa Kitui Magharibi na Agnes Ndetei wa Kibwezi. Wengine walikuwa Martha Karua wa Gichugu, Phoebe Asiyo wa Karachuonyo na Mary Wanjiru wa Kinangop. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini nchi kavu yenye njaa kama yetu ilitoa nusu ya wabunge wanawake wa nchi nzima. Jibu langu ni mwethya. Katika kuchimba bwawa mtu anaonekana alivyo: nani anafika mapema, nani anatunza fedha za kikundi bila kupungua, nani anapatanisha waliogombana. Wanawake wa Kitui walikuwa wamechaguana kwa miaka thelathini juu ya matuta ya udongo. Walipopata karatasi ya siri walijua tayari nani anaweza kazi. Ngilu mwenyewe amesimulia kwamba wanawake wa kwao walimfuata nyumbani wakamwambia agombee, akiwa na shughuli zake za jikoni, na yeye hakuwa amewaza jambo hilo.

Miaka mitano baadaye Ngilu aligombea urais, na Wangari Maathai naye akagombea. Hakuna aliyeshinda, na Ngilu alikuwa wa tano kwa kura. Kwa watoto wa darasa langu hilo lilikuwa jambo kubwa. Msichana wa darasa la sita aliniuliza kama rais akiwa mwanamke ataitwa Baba wa Taifa. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Nyiva Mwendwa alikuwa ameteuliwa kuwa waziri kamili wa kwanza mwanamke, miaka zaidi ya thelathini baada ya uhuru.

Uchaguzi wa 2002 ndio unaokumbukwa kwa kuondoka kwa KANU na kwa Wangari kushinda kiti cha Tetu kwa takriban asilimia 98 ya kura. Mimi naukumbuka kwa badiliko ambalo halitajwi sana. Hadi 1997 masanduku yalibebwa usiku kwenye malori hadi ukumbi wa kuhesabia, na njiani mengi yaliweza kutokea. Mwaka 2002 kura zilihesabiwa kwa mara ya kwanza pale pale kituoni. Tulihesabu kwa taa za mafuta, na nje ya uzio akina mama walikaa juu ya leso zao hadi usiku wa manane wakisubiri kusomewa. Mgombea asiye na fedha za kuajiri vijana wa kusindikiza masanduku, na wagombea wanawake wengi walikuwa wa namna hiyo, alipata kinga ambayo hakuna hotuba ingeweza kumpa.

Juu ya 2007 nitasema machache. Uchaguzi ulivurugika, watu zaidi ya elfu moja wakauawa, na Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ikaandika waziwazi jinsi ubakaji ulivyotumika kama silaha katika wiki zile. Kwenye meza ya mazungumzo ya Serena, chini ya Kofi Annan, kila upande ulileta watu wanne na mmoja wao alikuwa mwanamke: Martha Karua upande wa serikali, Sally Kosgei upande wa ODM, chama cha upinzani. Wawili kati ya wanane waliokuwa wakiamua jinsi ya kuiponya nchi. Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi huo, mbunge wa kuteuliwa Njoki Ndung'u alikuwa amefaulu kupitisha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, baada ya kuvumilia kejeli za wabunge wanaume hadi wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi. Bila sheria hiyo hata maneno ya kuandika kilichowapata wanawake wale wa 2008 yangekuwa haba.

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huo ndiyo iliyobadilisha meza yangu ya kazi kabisa. Mwaka 2013 kila mpiga kura alipewa karatasi sita, na moja ilikuwa ya wanawake pekee: mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Nafasi 47, moja kwa kila kaunti. Kitui tulimchagua Nyiva Mwendwa, ambaye aliingia bungeni kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1970. Siku ile wanaume kadhaa waliniuliza kama karatasi hiyo inawahusu. Niliwajibu inawahusu, kwa sababu mwakilishi huyo anapigiwa kura na watu wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake.

Kiti hicho kimelaumiwa sana. Kuna wanaokiita cha mapambo, na kuna wanawake wanaosema kimekuwa kisingizio: mwanamke akitaka ubunge wa eneo bunge huambiwa aende kwenye kiti cha wenzake. Kisingizio hicho nimekisikia kwa masikio yangu, mbele ya kadamnasi. Hata hivyo nakitetea. Mtu anayekipata hulazimika kufanya kampeni kaunti nzima, eneo sawa na la gavana na seneta, na akitoka hapo anajulikana. Gladys Wanga alikuwa mwakilishi wa wanawake wa Homa Bay kabla ya kuwa gavana. Kawira Mwangaza alikuwa wa Meru kabla ya kushinda ugavana 2022 kama mgombea huru. Mwaka 2013 hapakuwa na gavana mwanamke hata mmoja wala seneta wa kuchaguliwa. Mwaka 2017 wakapatikana magavana 3, mmoja wao akiwa Ngilu, hapa kwetu. Mwaka 2022 wakawa 7, kutoka Kirinyaga hadi Kwale, ambako Fatuma Achani alipita katika eneo la pwani ambalo watu walikuwa wakisema halitamchagua mwanamke.

Katiba hiyo hiyo inasema kwamba chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Katika mabaraza ya kaunti sharti hili linatimizwa kwa kuteua wanawake wa kujazia. Bungeni halikuwekewa njia. Mahakama ya Juu ilisema 2012 kwamba sheria ya kulitekeleza ipatikane kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Miswada ikaletwa tena na tena, na kila mara zikakosekana kura 233 zinazohitajika kati ya wabunge 349. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje bunge kwa kushindwa kutimiza katiba. Halikuvunjwa. Leo wanawake hawajafika hata robo ya Bunge la Taifa. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu mwalimu akivunja sheria ya kazi yake miaka kumi mfululizo angekuwa amefukuzwa zamani.

Wanaotaka kujua hali ilivyo chini kabisa waangalie wadi. Kuna wadi 1,450 nchini. Mwaka 2013 wanawake 82 walichaguliwa, 2017 wakawa 96, na 2022 wakawa 115. Nambari inapanda, lakini kwa mwendo huu mtoto anayezaliwa leo atazeeka kabla ya kuiona nusu. Na wadi ndiyo siasa mwananchi anayoigusa: barabara ya kijijini, zahanati, bomba la maji.

Kwa nini wadi ni ngumu hivyo? Nimewasaidia wanawake kadhaa kujiandaa kugombea, na tatizo la kwanza wanalokutana nalo ni swali moja: wewe ni wa wapi? Akigombea alikoolewa anaambiwa, "Wewe ni mgeni, nenda kwenu." Akigombea alikozaliwa anaambiwa, "Wewe uliolewa, nenda kwa mumeo." Aliyeachika au mjane anaambiwa yote mawili siku moja. Mwanamume haulizwi hivyo, kwa kuwa yeye hahami akioa. Mwanamke mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa amekaa katika wadi ya mumewe miaka ishirini na zaidi, amezika mkwe wake huko, amekuwa mweka hazina wa kisima, na bado mzee mmoja alisimama mkutanoni kumuuliza kama mifupa ya babu yake imo katika ardhi ile. Akamjibu, "Mzee wangu, mifupa ya babu yangu haimo. Watoto wangu ndio waliomo, na wao ndio wanaokunywa maji haya." Alipigiwa makofi. Hakushinda.

Alianguka kwenye mchujo wa chama, na hapa ndipo mlango umefungwa kwa kufuli kubwa kuliko mahali pengine popote. Katika uchaguzi mkuu kuna kitambaa, kuna daftari, kuna wino, kuna mawakala. Katika mchujo wa vyama vyetu vingi hupati hata kimoja kwa uhakika. Kituo huhamishwa usiku. Karatasi hufika saa tisa alasiri. Cheti huweza kutolewa hotelini mjini, saa ambazo mwanamke mwenye watoto na jina la kulinda hawezi kuonekana hotelini bila kusemwa. Vijana wa kukodiwa huja na maneno machafu, na siku hizi maneno hayo hupita kwanza kwenye simu, pamoja na picha za kutengenezwa. Niliyoyaona kwenye mchujo yananikumbusha 1988 kuliko chochote nilichokiona tangu hapo: watu wanahesabiwa na wale wale wenye maslahi, na kila mtu anaona umesimama wapi.

Nisimwache msomaji akidhani hakuna kilichobadilika kijijini. Zamani kwenye mazishi, na mazishi ndiyo jukwaa letu kubwa la siasa, mwanamke alishika kipaza sauti kuongoza wimbo au kusoma wasifu wa marehemu. Sasa huitwa kwa cheo chake, huzungumza kama mwenyekiti wa kamati ya maji au mjumbe wa bodi ya shule, na wazee husubiri wamsikie. Chifu wa eneo moja jirani ni mwanamke. Tangu sheria za ardhi za 2012, mume anayetaka kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia hulazimika kupata idhini ya mkewe, na nimewaona wanaume wakirudishwa kutoka ofisi ya ardhi wakamlete. Mwanamke anayejua kwamba saini yake inahitajika nyumbani husimama tofauti barazani. Na tangu Mei 2021 Jaji Mkuu wa Kenya ni Martha Koome, aliyewahi kuiongoza FIDA, chama cha mawakili wanawake.

Kuna pia wanaosema Kawira Mwangaza ni ushahidi kwamba wanawake hawawezi. Wawakilishi wa kaunti yake walimpigia kura ya kumwondoa mara kwa mara, Seneti ikaithibitisha Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikaikubali Machi 2025. Sitaamua hapa kama alikosea. Ninachotaka ni apimwe kama gavana mmoja, kama wanavyopimwa magavana wanaume walioondolewa kabla yake, ambao hakuna aliyesema wameiaibisha jinsia yao yote.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Yule mweka hazina wa kisima atagombea tena, na wanawake wa chama chetu cha kuweka akiba wamekubali kuchanga kila mwezi kwa ajili ya nauli na chakula cha mawakala wake. Safari hii hatukuanza na mabango. Tumeanza na barua kwa ofisi ya chama anachokitaka, yenye maswali manne: daftari la wanachama wa wadi linashikwa na nani, mchujo utafanyika shule gani, karatasi zitafika saa ngapi, na cheti kitatolewa wapi, mchana au usiku. Walituambia tungoje mwezi ujao. Mwezi umepita, kwa hiyo tumeandika ya pili, na nakala tumeipeleka kwa Msajili wa Vyama vya Siasa.